Kaskazini-Mashariki ya Kenya katika Filamu: Kutoka Born Free hadi Watu Wote

Historia ya filamu nchini Kenya imezoea kuandikwa kana kwamba nchi inakomea Isiolo. Nairobi imo, mbuga za wanyama zimo, pwani imo. Lakini Garissa, Wajir na Mandera hutajwa kwa nadra, na zinapotajwa huwa ni mahali palipotokea maafa. Hali hii imezidi kudhihirika tangu huduma za filamu za intaneti zilipoingia nchini. Netflix ilipojifungua kwa nchi takribani 130 kwa mpigo mmoja Januari 2016, Kenya ikiwa miongoni mwazo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilionya kwamba huduma hiyo ingehatarisha maadili ya watoto na hata usalama wa taifa. Mjadala ukawa juu ya kile kisichofaa kuingia. Suala la nani aliyemo nchini ilhali haonekani halikupata nafasi. Julai 2022 kampuni hiyo ilitoa Country Queen, tamthilia ya mfululizo ya kwanza ya Kenya iliyobeba chapa yake ya kazi asilia. Maudhui yake ni ardhi na uchimbaji wa madini, na mvutano wake ni wa kijiji na Nairobi. Ni kazi inayostahili kutazamwa, ila ramani yake ni ileile ya zamani.

Makala haya yanafuatilia jinsi eneo la Kaskazini-Mashariki lilivyoonyeshwa katika filamu tangu miaka ya 1960. Yanajikita zaidi katika kazi mbili, Scarred: The Anatomy of a Massacre ya Judy Kibinge na Watu Wote ya Katja Benrath, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha mhakiki kuuliza swali gumu kidogo kuliko lile la nani alionyeshwa vibaya: ni nani anayepewa macho ndani ya hadithi?

Uhuru wa simba

Born Free, filamu ya mwaka 1966 iliyoelekezwa na James Hill, hukumbukwa kama hadithi ya simba jike aitwaye Elsa na wazazi wake wa kulea, Joy na George Adamson. Ilishinda tuzo mbili za Oscar, zote kwa muziki wa John Barry. Kinachosahaulika ni kwamba hadithi yenyewe inaanzia katika iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori, na ambako mwaka 1956 alimuua mama yake Elsa kwa risasi. Wilaya hiyo ilikuwa imefungwa kwa sheria za kikoloni tangu miaka ya 1920. Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ilikazia zaidi, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali.

Filamu hiyo ilipigwa nchini Kenya wakati serikali mpya ilikuwa imekwisha kutangaza hali ya hatari katika mkoa huo, Desemba 1963, kufuatia vita ambavyo magazeti yaliviita vya shifta. Neno lenyewe linahitaji kutazamwa. Asili yake ni lugha za Ethiopia, na maana yake ni jambazi wa nyikani. Kwa kulichukua neno hilo, serikali iliyageuza madai ya kisiasa ya kujiunga na Somalia kuwa kesi ya wizi wa mifugo. Vita vilimalizika kwa mapatano ya Arusha mnamo Oktoba 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi Novemba 1991. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo dunia ilimlilia Elsa arudishiwe uhuru wake porini, wafugaji wa eneo alikozaliwa walikuwa wakikusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari. Si haki kuilaumu filamu ya watoto kwa kutosema hayo yote. Hata hivyo, ni vigumu kulisoma jina lake leo bila kuisikia kejeli ambayo waliolibuni hawakuikusudia.

Neno shifta lilipata uso katika sinema mwaka 1999, kupitia To Walk with Lions ya Carl Schultz, ambamo Richard Harris anamwigiza Adamson mzee akiishi Kora, kando ya Mto Tana. Adamson aliuawa Kora na majambazi wa Kisomali Agosti 1989, na filamu inaelekea kwenye kifo hicho tangu mwanzo. Msomali ndani yake hana kazi nyingine ila kuja na bunduki. Mtindo huu ulirithiwa na filamu za vita dhidi ya ugaidi. Katika Eye in the Sky ya mwaka 2015 mtaa wa Eastleigh unatazamwa kutoka angani kwa kamera ya ndege isiyo na rubani, na ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtaa wenyewe ulijengwa Afrika Kusini. Upande wa Kenya, Mission to Rescue ya Gilbert Lukalia, iliyopelekwa na nchi kushindania Oscar mwaka 2021, inamfuata askari wa kikosi maalumu akiokoa mateka kutoka mikononi mwa Al-Shabaab. Ni filamu ya mapigano, na inatimiza ilichoahidi; haidai kuwa zaidi ya hapo.

Kiwanja cha Wagalla

Tarehe 10 Februari 1984 majeshi ya usalama yalianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika Wilaya ya Wajir na kuwapeleka katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walizuiliwa hapo kwa siku kadhaa juani, bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyosikiliza mashahidi wa eneo hilo mwaka 2011 na kutoa ripoti yake mwaka 2013, ilikadiria kuwa waliokufa walikaribia 1,000. Mtaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alisaidia majeruhi na kufanya habari zifike nje, na baadaye alilazimika kuondoka nchini. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway, kitabu kilichoyaleta masimulizi hayo mbele ya wasomaji wengi kwa mara ya kwanza.

Mtengenezaji filamu anayeliendea tukio kama hili anakabiliwa na tatizo la fani kabla ya tatizo la siasa: hapakuwa na kamera. Filamu ya hali halisi hutegemea picha, nayo serikali ilikuwa imehakikisha kwamba picha haipo. Kibinge, ambaye hakutoka mkoa huo na ambaye tayari alikuwa ameshughulikia ghasia za baada ya uchaguzi katika Something Necessary ya mwaka 2013, aliijenga Scarred juu ya maneno ya walionusurika na wajane. Hapa ndipo filamu hiyo inapokaribiana na fasihi simulizi zaidi kuliko na uandishi wa habari. Msimulizi hatoi taarifa tu. Anatenda kwa mwili wake, kwa kunyamaza kwake, kwa kovu analolionyesha. Mtazamaji hapewi tukio. Anapewa mtu ambaye tukio lilimpitia, akiwa mzee sasa. Wahakiki waliozoea kudai ushahidi wa picha wanaweza kuona upungufu, lakini huo ndio uaminifu wa kazi hiyo, kwa sababu kuigiza mauaji yale kwa waigizaji na damu ya rangi kungejaza pengo ambalo lenyewe ni sehemu ya historia.

Filamu ilionyeshwa Nairobi Februari 2015. Miezi miwili baadaye, tarehe 2 Aprili, wanamgambo wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nchi iliomboleza, na ilikuwa na haki ya kuomboleza. Lakini mazungumzo ambayo Scarred ilikuwa imeanza kuyafungua, juu ya serikali kuwaua raia wake, yalifunikwa na msiba mpya ambamo jina la Msomali lilirudi katika ukurasa wa washukiwa. Ni mara chache kazi ya sanaa hukutwa na bahati mbaya ya wakati kiasi hicho.

Basi la Mandera

Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walishushwa na kuuawa, baada ya kutenganishwa na wenzao kwa kigezo cha dini. Kwa hiyo abiria wa Desemba 2015, basi lao liliposimamishwa na watu wenye silaha karibu na El Wak, walijua vyema nini kingefuata. Waislamu walikataa kujitenga. Waliwapa Wakristo vazi la kujifunika, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya OGW.

Watu Wote, filamu fupi ya dakika 22, iliyotengenezwa na wanafunzi wa shule ya filamu ya Hamburg wakishirikiana na Wakenya, ilitoka mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2018. Wahusika wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mhusika mkuu ni Jua, anayeigizwa na Adelyne Wairimu, Mkristo ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa, na ambaye anapanda basi akiwa amewachukia Waislamu wote. Nguvu ya filamu imo katika chuki hiyo. Mwandishi wake, Julia Drache, hakumfanya Jua mtu mwema anayesubiri kuokolewa. Alimpa sababu ya kutostahimili hata kuongeleshwa na Salah Farah, ambaye nafasi yake imeshikwa na Abdiwali Farrah. Anapofichwa kwa hijabu, anaokolewa na vazi alilokuwa akiliogopa.

Hata hivyo, uchaguzi huo una gharama. Jua ni mgeni katika njia ya Mandera, na macho yake ndiyo yanayoiongoza kamera. Mwalimu, aliyekuwa mtu halisi na ambaye tendo lake ndilo lililoizaa filamu, anaonekana kwa kadiri tu anavyomgusa mgeni huyo. Darasa lake halionekani. Wanawake waliokuwa wengi ndani ya basi lile, na ambao nguo zao ndizo zilizowaficha wenzao, wanabaki pembeni. Inaweza kudaiwa kwamba dakika 22 hazitoshi kwa hayo yote, na dai hilo lina uzito. Bali hata filamu fupi huchagua pa kuanzia, nayo ilichagua kuanzia kwa anayeingia, si kwa anayeishi hapo.

Jina lenyewe linaeleza jambo hilo kwa namna ya ajabu. Kichwa cha Kiingereza kinachoandamana nacho kina maana ya sisi sote. Kichwa cha Kiswahili hakisemi hivyo. Watu wote ni nafsi ya tatu. Msemaji anaweza kuwa amesimama nje akiwahesabu. Sisi sote ni nafsi ya kwanza, na hiyo ndiyo nafsi waliyoitumia abiria kwa tendo lao. Katika eneo ambalo msafiri apandaye basi la Nairobi bado husikika akisema kwamba anaenda Kenya, tofauti ya nafsi ya kwanza na ya tatu si suala la sarufi peke yake. Kiswahili cha kaskazini-mashariki kilifika na afisa wa wilaya, askari wa kizuizi na mwalimu kutoka chini. Mwaka 1989 kilikuwa miongoni mwa lugha ambazo Wasomali wa Kenya walihojiwa kwazo, wao peke yao, wathibitishe uraia wao katika ule msako wa kadi. Kukisikia ndani ya filamu hii kikiwa lugha ambayo Jua na mwalimu wanazozana kwayo, kisha wanasikilizana, ni badiliko ambalo wasomi wa isimujamii wangefaidika kulichunguza.

Anayetazama

Hakuna kati ya kazi hizi mbili iliyozaliwa na kampuni za intaneti. Moja ilikuwa mradi wa kuhitimu wa wanafunzi, na nyingine ilitokana na juhudi za mwanamke aliyeanzisha mfuko wa Docubox ili filamu za hali halisi za Afrika Mashariki zipate wa kuzigharimia. Anayetaka kulijua eneo hili kupitia filamu aanze na Scarred, kwa kuwa bila Wagalla haielekei kueleweka kwa nini kukataa kutengana ndani ya basi kulikuwa tendo zito kiasi kile: waliokataa walikuwa watu ambao nchi yenyewe ilikuwa imewahi kuwatenga kiwanjani. Kisha aitazame Watu Wote. Born Free aiache mwisho, na aitazame kwa jicho jingine.

Wenyeji nao wana historia yao ya kutazama, isiyofuata mpangilio huo. Katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, zilizofunguliwa kuanzia 1991, shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha filamu usiku mbele ya umati wa wakimbizi walioketi chini, na baadaye likawafunza vijana wao kushika kamera. Kwa wazungumzaji wa Kisomali kwa jumla, sinema iliyopendwa zaidi imekuwa ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kisomali, ikasambazwa kwanza kwa kanda na diski, kisha kwa simu. Netflix ilipotoa huduma ya bure kwa simu za Android nchini Kenya kati ya Septemba 2021 na Novemba 2023, ilidhani kikwazo cha mtazamaji ni bei. Kijana wa Garissa alikuwa amekwisha kuzoea kumsikia Shah Rukh Khan akisema Kisomali, bila kulipa kitu.