Katiba Haikuanzia Lancaster House

Vitabu vya shule vinatuambia kwamba katiba ya Kenya ilipikwa London, katika mikutano mitatu ya Lancaster House: 1960, 1962 na 1963. Sisi wa ufuo wa ziwa tunapewa nafasi katika habari hiyo kuanzia 1957, Oginga Odinga alipomshinda B. A. Ohanga katika uchaguzi wa Nyanza ya Kati. Anayesimulia hivyo ama hajaisoma orodha ya madai ya chama cha Piny Owacho, ama aliisoma akaishia kwenye kodi.

Ya mwanzo yanajulikana. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, mwaka 1901. Wakati huo ufuo wetu ulihesabiwa Uganda, na Aprili 1902 ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki bila mtu wa huku kuulizwa. Zito zaidi ni la 1920, himaya ilipogeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Katika himaya, Mfalme wa Uingereza alijiita mlinzi; katika koloni, alijiita mwenye nchi. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya ardhi baina ya Wakikuyu, alisema waziwazi kwamba Mwafrika ni mpangaji tu wa Mfalme, anakaa hadi atakapoambiwa aondoke.

Desemba 1921, watu wakakusanyika Lundha, huko Gem. Waliotangulia mbele walikuwa wasomi wa shule ya misheni ya Maseno: Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor, Simeon Nyende. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, ila wananchi walikiita Piny Owacho, nchi imesema. Walitaka kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha lazima, kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe, watu wapewe hatimiliki za ardhi yao, serikali ijenge shule. Tena walitaka Kenya irudishwe kuwa himaya.

Dai hili la mwisho huonekana kama kichekesho: mtu aliyetawaliwa anaombaje kurudishwa kwa mtawala yuleyule, kwa jina jingine? Lakini tazama Mwambao. Ule ukanda wa maili 10 haukufanywa koloni, kwa sababu mkataba wa 1895 ulikuwa umemtambua Sultani wa Zanzibar kuwa mwenyewe. Hata Oktoba 1963, ilibidi Jomo Kenyatta aandikiane barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ndipo ukanda huo ukaunganishwa na Kenya. Jina hilo lilikuwa na uzito wa kisheria, na walimu wa Maseno waliuona mapema. Wapo wanaodai kwamba vijana hao walikuwa wakimwiga Harry Thuku wa Nairobi. Hoja hiyo sina muda nayo. Kipande na kodi vilimuuma kila mtu, na anayelia kwa maumivu yake hajamwiga jirani.

Julai 1922 Gavana Edward Northey alikutana nao Nyahera, kilomita chache kutoka Kisumu mjini. Kambi zikafungwa, na kodi ikateremshwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Kurudi kwenye himaya kukakataliwa. Mwaka 1923 Padri Walter Owen wa misheni ya Kianglikana akashika uenyekiti, chama kikawa cha ustawi wa walipakodi, na wanachama wakahimizwa kuua panya na kuchimba vyoo. Owen ana wapenzi wake, na ni kweli aliwasumbua maofisa kwa barua zake kuhusu kazi za kulazimishwa. Hata hivyo swali la Lundha, kwamba nchi ni ya nani, lilizimikia mikononi mwake.

Miaka karibu 40 iliyofuata naiacha. Mwaka 1962, huko Lancaster House, chama cha KADU kilidai serikali za majimbo. KANU ya Odinga na Tom Mboya iliyameza shingo upande, ipate uhuru kwanza. Marekebisho ya 1964 yaliyoleta jamhuri na kuyavunja majimbo yalipita Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, akiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba. Odinga akapata umakamu wa rais. Aprili 1966, alipohamia chama kipya cha KPU, katiba hiyohiyo ilirekebishwa upesi kuwalazimisha wabunge waliohama chama warudi kwa wapigakura. Tarehe 25 Oktoba 1969 askari wakawafyatulia wananchi risasi Kisumu, na kabla ya mwezi kwisha KPU ikapigwa marufuku. Wazee wetu hupenda kuanza kulaumu kutoka 1966. Mimi naanzia 1964, maana shoka hilo tulisaidia kulinoa.

Na ardhi? Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme iligeuka ardhi ya Serikali, na ile iliyokuwa akiba ya Waafrika ikawekwa chini ya mabaraza ya kaunti kama amana. Mwananchi akawa chini ya mwenye nchi mwingine. Jibu kwa watu wa Lundha lilichelewa hadi katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 61 inasema ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya, kama taifa, kama jamii na kama mtu mmojammoja.