Kileo na Malezi katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Katika nchi ya Karatu na Ngorongoro kileo hakikuletwa na mgeni. Wairaqw wanaolima nyanda za udongo mwekundu juu ya Ziwa Manyara, Wadatoga wanaochunga pande za Ziwa Eyasi, na Wamaasai wa nyanda za juu zinazoizunguka kasoko ya Ngorongoro, wote walikuwa na pombe yao kabla bendera yoyote ya Ulaya haijatwekwa katika bara la Tanganyika. Kilichobadilika katika muda wa karne moja na ushei si kuwapo kwa pombe, bali ni nani aliyeishika, nani aliyeruhusiwa kuinywa, na nani aliyebaki na fahamu zake karibu na mtoto wakati mzazi alipozipoteza zake. Mashaka ya watoto wa walevi, ambayo leo walimu na maofisa wa ustawi wa jamii huyapokea kama maradhi mapya, yana asili yake katika mabadiliko hayo matatu.

Wairaqw, ambao makao yao ya asili ni Irqwar Da'aw katika milima ya Mbulu, walikuwa na pombe ya mtama waiitayo buura, nayo ilikuwa kazi ya wanawake na heshima ya wazee. Nafaka iliroweshwa, ikaachwa ichipue, ikaanikwa, ikasagwa juu ya jiwe, ikapikwa, kisha ikangojewa hata ichache. Na madhali kila hatua ilidai siku zake, kuni zake, na nafaka ambayo vinginevyo ingaliliwa, hapakuwa na nyumba iliyoweza kulewa kila siku hata kama bwana wake alitamani. Wazee walipokutana penye pombe, mmoja wao alitoa slufay, dua ndefu yenye lugha ya kishairi iombayo mvua, uzazi, na amani baina ya jirani na jirani, na wenzake wakamwitikia; hivyo aliyekunywa alikunywa mbele ya mashahidi, na maneno aliyoyasema akiwa na kileo kichwani yalisikiwa na watu ambao kesho yake wangemkumbusha.

Kwa Wadatoga pombe ya asali ilikuwa na adhama kubwa zaidi, kwani ndiyo iliyotumika katika bung'eda, maziko ya mzee mwenye hadhi, ambayo taratibu zake huendelea kwa miezi mingi mpaka kaburi limeinuliwa kuwa kilima. Wamaasai, waliowaondoa Wadatoga katika kasoko ya Ngorongoro katika karne ya kumi na tisa, walitengeneza pombe yao kwa asali na mizizi ya mmea wa jamii ya mshubiri, wakaitumia katika posa, katika tohara na katika upatanisho. Lakini morani hakuruhusiwa kuionja maadamu yu katika umri wa kulinda ng'ombe na boma. Mtu angeweza kusema kwamba amri hiyo iliwekwa kwa ajili ya vita tu, na huenda ni kweli. Walakini natija yake ilikuwa kwamba katika kila boma walikuwapo watu wazima wenye nguvu ambao, wazee wakilewa, wao hawakulewa.

Haifai, hata hivyo, kuipamba zamani kwa rangi isiyokuwa yake. Mzee aliyelewa alilindwa na cheo chake, na mke aliyepigwa na mume mwenye kileo hakuwa sikuzote na pa kukimbilia. Mtaalamu George Klima, aliyeishi miongoni mwa Wabarabaig, tawi moja la Wadatoga, mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza habari za baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, lililokuwa na mamlaka ya kumshtaki mwanamume aliyemdhulumu mwanamke na kumtoza faini ya mifugo. Na wanawake wa Kimaasai nao walikuwa na desturi ya kukusanyika kwa ghadhabu na kumwadhibu yule aliyevunja heshima ya uzazi. Mahakama haiundwi mahali pasipo na mashtaka: kuwapo kwa mabaraza hayo ni ushahidi kwamba dhuluma ilikuwapo. Lakini ni ushahidi pia kwamba kosa la nyumbani halikuhesabiwa kuwa siri ya nyumba, na kwamba mama na watoto walikuwa na watu wenye haki ya kuingia ndani bila kubisha hodi mara mbili.

Utaratibu huo ulianza kulegea wakati wanaume walipotoka mbele ya macho ya wazee wao na kwenda kutafuta ujira. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa wamekwisha kuanzisha mashamba ndani ya kasoko ya Ngorongoro yenyewe. Na chini ya utawala wa Waingereza, katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, walowezi wa Kijerumani walirudi na kufungua mashamba ya kahawa Oldeani, kwenye miteremko iliyo juu ya Karatu. Shamba la kahawa lilihitaji vibarua, na kibarua alilala katika kambi pamoja na watu wa makabila mbalimbali ambao hakuna mmoja wao aliyekuwa mzee wa mwenziwe. Pombe ya kambini haikungoja mavuno wala dua. Ilingoja siku ya mshahara, na aliyekuwa na senti alikunywa, awe kijana au mzee.

Serikali ya kikoloni haikuwa kimya juu ya kileo, ila haja yake ilikuwa nyingine. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919, madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili, na katika Tanganyika pombe za kienyeji zikawekewa leseni, ada na saa za kuuzwa. Shabaha ilikuwa kibarua afike kazini asubuhi, mji usiwe na fujo, na hazina ipate chochote. Katika hesabu hiyo mtoto hakuwa na safu yake, na mamlaka ya mzee juu ya mtungi, ambayo hapo awali yalikuwa mamlaka ya kumkemea mnywaji, yalihamia kwa karani wa leseni, ambaye hakumjua mnywaji wala watoto wake.

Wakati huohuo Wairaqw walikuwa wakienea kaskazini kutoka milima yao ya asili, na katika miaka ya 1940 na 1950 Karatu ikawa nchi ya ngano. Ngano ilileta fedha, nayo fedha ikaibadili pombe kuwa bidhaa. Ole Bjørn Rekdal, mtaalamu kutoka Norwe, alichapisha mwaka 1996 makala juu ya fedha, maziwa na pombe ya mtama miongoni mwa Wairaqw, na yeyote aliyekaa katika vijiji vile atakiri kwamba vitu vitatu hivyo haviwezi kuelezwa kimoja bila vingine. Mwanamke aliyekuwa akipika pombe kwa ajili ya kazi ya ujima au ngoma ya harusi alianza kuipika kwa ajili ya kuuza, kwa kuwa shamba na mifugo vilikuwa mikononi mwa mume, ilhali chungu cha pombe kilikuwa mikononi mwake. Ada ya shule, daftari, sare na dawa za mtoto zikatoka katika chungu hicho. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo mpaka leo huwatatiza wenye nia njema: pombe ya mama humsomesha mtoto wake, na pombe hiyohiyo, ikinunuliwa na jirani, humtoa shule mtoto wa jirani.

Baada ya uhuru dola mpya ililitazama jambo hili kwa jicho la kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakemea wanaume wa vijijini ambao nguvu zao zilipotea katika porojo, ngoma na ulevi, kwa hoja kwamba nguvu hizo zilikuwa mali ya maendeleo ya taifa. Mwaka 1966 ilikuwa imekwisha kutungwa sheria iliyohusu utengenezaji wa moshi, yaani pombe ya kukeneka, na mwaka 1968 ikafuata sheria ya vileo iliyotawala leseni na saa za vilabu vya pombe. Lakini moshi, ambayo wengi huiita gongo, iliendelea kukenekwa porini na makorongoni kwa pipa, bomba na maji baridi. Na kwa kuwa ilikuwa haramu, ilinywewa kwa haraka na kwa kificho, mahali ambapo hapana mzee wa kutoa dua wala shahidi wa kukumbusha. Gongo haikudai mtama wa msimu. Sukari na pumba za dukani ziliitosha. Kisha vikaja viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu, mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Katika Ngorongoro mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 1959 eneo lile lilitengwa kuwa la hifadhi ambamo wafugaji waliruhusiwa kukaa; mwaka 1975 kilimo kikakatazwa, mwaka 1992 kikaruhusiwa, na mwaka 2009 kikakatazwa tena. Familia isiyoweza kulima, na ambayo ng'ombe wake wamepungua kwa ukame na maradhi, hununua mahindi kwa fedha, na fedha hiyo hutafutwa na wanaume mbali na boma na mbali na macho ya wazee wao. Nje ya eneo hilo, huko Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe, ambao kwao asali ilikuwa chakula cha thamani, walianza kupokea fedha za watalii waliokuja kuwatazama wakiwinda. Watafiti walioishi nao, akiwamo Frank Marlowe, waliandika kwamba sehemu ya fedha hizo iliishia katika pombe, na pombe ikazaa ugomvi na njaa kambini. Tangu mwaka 2022 familia nyingine za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na kila aliyehama amewaacha nyuma baadhi ya wale ambao desturi ingewataka wamwangalie mwanawe.

Naam, ni nini basi kinachompata mtoto? Madhara huanza kabla hajazaliwa, kwa kuwa kileo anachokunywa mama mjamzito humfikia tumboni na huweza kumdhoofisha mwili na akili. Akisha kukua, mtoto wa kwanza hugeuka kuwa mzazi wa wadogo zake: huteka maji, hutafuta kuni, hukoroga uji ikiwa unga umesalia, na hufika shuleni amechelewa, ambapo huadhibiwa kwa uzembe usiokuwa wake. Hujifunza kusoma hatua za baba yake akirudi usiku, ajue kama ni usiku wa kulala au wa kukimbilia kwa jirani. Zaidi ya yote hujifunza kunyamaza, kwa sababu aibu ya mzazi ameirithi kabla hajarithi kitu kingine. Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa mji ulio kando ya barabara ya watalii, wenye vibarua vya kubeba mizigo na vijumba vya pombe vilivyofunguliwa mchana, si mwalimu mwenye huruma.

Msaada haukukosekana kabisa. Makanisa ya Kilutheri na Kikatoliki yalihubiri kiasi na kujizuia, yakajenga shule za bweni na hospitali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimlazimu baba kuwatunza watoto wake. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimhesabu kuwa mhitaji wa ulinzi mtoto aliye chini ya mzazi asiyefaa kumlea kwa sababu ya ulevi au uhalifu. Mpango wa kunusuru kaya maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tangu mwaka 2012, umewalipa aghalabu akina mama, na katika nyumba ya mlevi uamuzi huo mmoja una thamani kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo ofisa wa ustawi wa jamii ni mmoja kwa watu wengi, vijiji viko mbali, na sheria humfikia mtoto mara nyingi baada ya jeraha.

Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia watoto hawa hana budi kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, asimnyang'anye mama chungu cha pombe kabla hajampa riziki nyingine ya kumlipia mwanawe daftari, maana marufuku isiyo na badala humhamisha mpishi kutoka uani kwake mpaka korongoni. Pili, kila mtoto wa nyumba yenye ulevi awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na balozi wa nyumba kumi, na mwalimu, na viongozi wa dini, awe shangazi au mjomba, bibi au jirani, ambaye amepewa idhini mbele ya baraza ya kuingia katika nyumba ile, kuuliza kama watoto wamekula, na kuwachukua kwake ikiwa hawakula, bila ya kuambiwa kwamba anaingilia ya watu. Gharama ya jambo hilo si kubwa, na kwa Wadatoga, Wairaqw na Wamaasai si jambo geni. Geni ni kwamba sasa litahitaji kuandikwa katika daftari la kijiji na kutetewa na sheria, kwa sababu wazee waliolibeba zamani bila maandishi wengi wao hawapo, na baadhi ya waliopo wamekaa kilabuni.