RAM moja au mbili kwenye deskitopu?

Wadau wa Mpanda na Katavi yote, watu wananiuliza sana: GB 8 uweke RAM moja, au mbili za GB 4? Mimi nasema mbili, tena pacha. RAM moja inapitisha biti 64 kwa mpigo. Mbili zikikaa kwenye chaneli tofauti, biti 128. Mashine za mtumba nyingi hazina kadi ya picha, zinakopa RAM hiyohiyo, kwa hiyo kwenye gemu utaona tofauti. Ukichanganya kasi, zote zinafuata ya polepole.

Ila kama bodi ina sloti mbili tu na hela bado haijakaa sawa, anza na moja ya GB 8. Ukianza na mbili za GB 2, utakuja kuzing'oa zote. Na DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, usilazimishe jamani! Windows yako ni ya biti 32? Basi ukizidisha GB 4 umetupa hela.