KUKU WAGENI NA WENYEJI: KAZI YA KOO SASA NI YAKO



Leo tuzungumze habari ya kuku. Umenunua mitetea sita Chake Chake, ukaifungulia asubuhi pamoja na kuku wako wa zamani. Kufika adhuhuri, mmoja ana kidonda utosini, mwingine kajificha migombani. Unasema, "Koo hili lina roho mbaya!" La, ndugu yangu. Hiyo ni desturi yake, tena ni ya zamani sana.

Asili ya kuku ni misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Walifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Huko Unguja Ukuu, mji wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mifupa yao. Tangu mwituni kuku huishi kwa vyeo: kila mmoja anajua nani wa kumdonoa na nani wa kumkimbia. Mwaka 1921 Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utoto wake, aliiandika habari hiyo. Vyeo vikishajulikana, ugomvi hupungua. Akiingia mgeni, vita huanza upya.

Je, wazee wetu walifanyaje? Koo lenyewe ndilo lililokuwa mwalimu. Liliangua, likawatembeza wanawe chini ya mikarafuu, na mwenye kuku akawafunika kwa tenga mwewe asiwachukue. Vifaranga walikua machoni pa kundi. Lakini kuku wa kununuliwa hana mama wa kumjulisha. Basi kazi ya koo ni yako wewe.

Na vita si hatari pekee. Upo mdondo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Uingereza, ambao huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Toka ardhi ilipogawiwa kwa eka tatu tatu, kuanzia mwaka 1965, nyumba nyingi zimetawanyika mashambani, na kuku wako hukutana na wa jirani. Mgeni mmoja mgonjwa ni msiba wa wote.

Kwa hiyo, fanya hivi:

Kwanza, watenge wageni mbali kwa wiki mbili. Kama ni wazima, wapatie chanjo ya mdondo siku ya mwanzo, wao na wenyeji, kisha rudia kila miezi mitatu. Afadhali mpatane na majirani mchanje siku moja.

Pili, wiki ya tatu, waweke wageni katika tenga au uzio pale pale uani. Waonane, wasifikiane.

Tatu, wafungulie jioni, karibu na wakati wa kulala. Usimwingize mmoja peke yake, wala usiwatie vifaranga wadogo kati ya majogoo. Ngoja wakaribie ukubwa wa wenzao.

Nne, weka chakula na maji mahali pawili au patatu, ili mnyonge naye apate. Donoadonoa kidogo isikutishe. Ukiona damu, mtoe aliyeumia upesi, maana kuku huifuata damu.

Wiki tatu si nyingi, ndugu mkulima. Kuku mmoja ni madaftari ya mtoto, ni mboga ya mgeni. Subira hiyo ndiyo itakayokuwekea kundi lako.