"Bloody": Aibu ya London, Mazoea ya Australia

Mwaka 1711, Jonathan Swift, kasisi wa Kianglikana na mwandishi mashuhuri, alituma barua Dublin akilalamikia jua la London. Joto la siku ile alilitilia mkazo kwa neno "bloody", kama mtu wa leo anavyosema "joto kali mno". Hakuona haya.

Mwaka 1785 Kapteni Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya mitaani, na humo neno hilohilo likatajwa kuwa kipenzi cha wezi wanapoapa. Kazi yake katika sentensi ilikuwa ileile. Lililoshuka ni hadhi ya vinywa vilivyolitamka.

Katika karne ya 19 waungwana wa Uingereza walilikwepa kabisa, na wachapishaji wengi wakaandika herufi yake ya kwanza tu, kisha vistari. Wapo waliodai kwamba lilizaliwa kutokana na kiapo cha kumtaja Bikira Maria, dai ambalo wataalamu wa asili ya maneno hawalikubali. Neno lenyewe lina maana ya "-enye damu", lakini mitaani halikuhusu damu hata kidogo.

Ndipo ukafika usiku wa tarehe 11 Aprili 1914. Katika tamthilia ya George Bernard Shaw, *Pygmalion*, muuza maua aliyefundishwa kuzungumza kama bibi wa tabaka la juu alilitamka jukwaani mbele ya watazamaji wa London. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na mshtuko. Baadaye Waingereza wenye haya wakaanza kusema "Pygmalion" pale walipotaka kusema "bloody". Jina la tamthilia nalo likageuka msimu.

Australia mambo yalikuwa mengine. Msafiri mmoja, Alexander Marjoribanks, katika kitabu chake cha mwaka 1847, anasimulia jinsi alivyokaa akimsikiliza mwendesha mkokoteni wa maksai. Kwa robo saa alimhesabia "bloody" mara 25. Akapiga hesabu: saa 10 za mazungumzo kwa siku, kwa miaka 50, jumla mara 18,200,000! Marjoribanks alichukizwa, ila bila kukusudia aliacha ushahidi wa thamani: kwa wachapakazi wa huko neno hilo lilikuwa kama chumvi katika mboga.

Tofauti hiyo haijafutika. Mwaka 2006 Australia ilitoa tangazo la utalii lililowauliza wageni kwa neno hilo mbona hawajafika. Nyumbani lilichukuliwa kuwa ukaribisho wa kirafiki. Televisheni za Uingereza zilikatazwa kulirusha. Waziri wa Utalii, Fran Bailey, alifunga safari hadi London kulitetea, na marufuku ikaondolewa.

Huku Afrika Mashariki neno hilo halikuja peke yake. Liliingia kwa vinywa vya wakoloni likiwa limeshikana na neno la "mpumbavu", na Kiswahili kikayaunganisha mawili hayo kuwa "bladifuli". Mwaustralia anaweza kumwita hivyo rafiki yake wa karibu, wakacheka pamoja. Mswahili anayeitwa bladifuli hasikii mkazo wala utani. Anasikia tusi, na sauti ya bwana mkubwa akimfokea mtumishi.