Asili ya Muziki wa Roki Ngumu

Siku moja, baada ya masomo, tuliwakuta vijana wa darasa la juu wamekusanyika chini ya mwembe, wakibishana vikali. Mmoja wao alikuwa na simu iliyokuwa ikitoa muziki wa magitaa yenye kishindo, ule uitwao roki ngumu. Mwenzake akamwambia, "Zima huo, huo ni muziki wa Wazungu, wewe haukuhusu." Walipotuona wakatutaka tuwe waamuzi. Nasi, bila kufikiri, tukasema, "Kweli, ni wa Wazungu." Yule kijana akaizima simu yake kwa haya, wakatawanyika. Lakini usiku ule neno letu halikutupa raha, maana mwalimu akisema jambo asilolichunguza, huwafunza wengi kosa lake. Basi tukaanza kuzisoma habari za muziki huo, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tulitazame jina. Neno roki latoka katika Kiingereza, nalo huko lina maana mbili: mwamba, na kuyumbayumba. Katika muziki, maana ni hii ya pili. Roki ilianza kuvuma Marekani katika miaka ya 1950. Roki ngumu ni mtoto wake, aliyekua Uingereza na Marekani yapata kati ya mwaka 1964 na 1970. Alama zake ni hizi: gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza, kifungu kifupi cha gitaa kirudiwacho tena na tena, ngoma zipigwazo kwa nguvu, na mwimbaji apazaye sauti juu ya hayo yote.

Lakini mtoto ana wazazi, na wazazi wana wazee wao. Ukiifuata njia ya muziki huu kwa kurudi nyuma, hufikia mashamba ya pamba ya jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1865, walakini watu weusi wengi walibaki wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao, na hesabu ilipofanywa walijikuta wangali na deni. Katika taabu hiyo ukatokea wimbo uitwao bluzi: mtu mmoja na gitaa lake, akisema habari za kazi, za safari, na za mapenzi yaliyovunjika.

Mwaka 1941 mkusanyaji wa nyimbo, Alan Lomax, alifika katika shamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, akiwa na mashine ya kunasa sauti kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Hapo akamkuta mfanyakazi wa shamba, McKinley Morganfield, ambaye watu walimwita Muddy Waters. Alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika santuri, Muddy alitambua kwamba naye ni mwimbaji kama wale wenye sifa. Mwaka 1943 akaliacha shamba, akaenda Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbilia kazi za viwandani kaskazini.

Huko Chicago gitaa la mti halikufaa tena. Vilabuni watu walizungumza, walicheka, na vyombo viligongana. Nani angelisikia gitaa la barazani? Ndipo Muddy akashika gitaa la umeme, ambalo lilikuwa limeanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930. Kazi yake ni hivi: chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya ule, ukapelekwa kwenye mtambo wa kukuza sauti, na kutoka huko hadi kwenye spika. Hivyo kishindo cha muziki huu hakikuanza kwa kiburi. Kilianza kwa sababu maskini alitaka asikike.

Wala haikuwa vilabuni peke yake. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, alilelewa kanisani, mama yake akiwa mhubiri. Alizipiga nyimbo za dini kwa gitaa la umeme, kwa ufundi ambao wengi wa wapigaji wa roki waliomfuata waliutamani. Mwaka 1964 alipiga huko Manchester, Uingereza, katika stesheni ya reli iliyokwisha fungwa, mbele ya kamera za televisheni.

Sasa tuuangalie ule mkwaruzo. Mtambo ukilazimishwa kutoa sauti kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na sauti hutoka imekauka, kama sauti ya mtoto aliyeshinda katika shamba la mpunga akifukuza ndege. Mafundi waliuhesabu kuwa kosa, wapigaji waliupenda. Mwaka 1958 Link Wray wa Marekani alizitoboa spika zake kwa penseli ili zikwaruze. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, huko London, aliikata karatasi ya spika yake kwa wembe, na santuri yao iliyotokea ikapendwa mno Uingereza. Wengi huihesabu santuri hiyo miongoni mwa mizizi ya roki ngumu.

Lakini Waingereza waliyajuaje mambo ya Mississippi? Waliyajua kwa santuri zilizovuka bahari, ambazo vijana walizitafuta kwa shida na kuzisikiliza hata nyuzi zao zikafuata kila sauti. Muddy Waters mwenyewe alizuru Uingereza mwaka 1958, na baadhi ya wasikilizaji walilalamika kwamba gitaa lake lina makelele mno! Mwaka 1962 vijana wengine wa London walianzisha kundi lao, wakaliita The Rolling Stones kwa kufuata jina la wimbo wake. Mwaka huo huo duka la Jim Marshall, magharibi mwa London, lilianza kutengeneza mitambo ya kukuza sauti, na wapigaji wakawa wanamwomba kila mara aiongezee nguvu. Mwaka 1966 akafika London Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, akaonyesha jinsi mkwaruzo na mlio wa spika vinavyoweza kutiiwa mkono kama nyuzi zenyewe. Mwaka 1968 likatokea kundi la Led Zeppelin.

Mwaka huo wa 1968 kundi jingine lilianza katika Birmingham, mji wa viwanda. Nalo likaja kuitwa Black Sabbath. Mpigaji wake wa gitaa, Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, siku ya mwisho wa kazi yake, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume, nao ndio mkono aliobania nyuzi, kwa kuwa hutumia shoto. Akakata tamaa. Msimamizi wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpigaji hodari aliyeungua mkono kwa moto mwaka 1928, akabaki akipiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza, sauti ikawa nzito zaidi. Santuri ndefu ya kwanza ya kundi hilo ilitoka Februari 1970, na wengi huiita mwanzo wa namna ya roki iliyo nzito kuliko zote.

Hapa linakuja jambo lililotugusa kuliko mengine. Willie Dixon, mzaliwa wa Vicksburg katika Mississippi, alikuwa mtunzi mkuu wa nyimbo za bluzi huko Chicago. Katika santuri ndefu ya kwanza ya Led Zeppelin, ya mwaka 1969, nyimbo zake mbili zilipigwa, na jina lake likaandikwa. Walakini mwaka huo huo kundi hilo lilitoa wimbo uitwao Whole Lotta Love, wenye maneno yaliyofanana na ya wimbo wake, You Need Love, ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Na mara hii jina lake halikuandikwa. Wimbo ukaenea duniani pote. Mwaka 1985 mzee yule alipeleka madai mahakamani, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Siku hizi jina lake limo miongoni mwa watunzi wa wimbo huo. Tena Dixon alianzisha shirika la kuwasaidia wanamuziki wazee wa bluzi kudai haki zao.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu wote kwa kosa la baadhi. Mwaka 1965 The Rolling Stones walipoalikwa katika televisheni ya Marekani, walitaka pia aalikwe Howlin' Wolf, mzee wa bluzi wa Chicago, nao wakaketi karibu na miguu yake kama wanafunzi alipokuwa akiimba. Hivyo ndivyo mtu mwungwana apokeavyo kitu cha mwenziwe.

Na njia hii iligusa hata pwani yetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen lililoanzishwa London mwaka 1970, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, wazazi wake wakiwa Waparsi kutoka India. Jamaa yake walihamia Uingereza mwaka 1964.

Tulipokwisha kuyasoma hayo, tuliwakusanya wale vijana chini ya mwembe ule ule, tukakiri kwamba hukumu yetu ilikuwa mbovu. Tukawasimulia habari za Stovall, za wembe wa Davies, na vidole vya Iommi. Yule mwenye simu akauliza, "Basi, Mwalimu, muziki huu ni wa nani?" Safari hii hatukujibu upesi. Kusema ni wa Wazungu ni kuwafuta waliolima pamba. Na kusema ni wa watu weusi peke yao ni kumfuta kijana wa Birmingham aliyejifinyangia vidole. Tukamwambia, "Ni wa wote walioufanyia kazi, na wewe uupendaye, wajibu wako ni kuyajua majina yao." Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Kijana akaiwasha simu yake tena, nasi hatukumzuia.