Tundu Dogo la Chombo: Kalafati katika Historia ya Pwani

Nilikulia Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, na kazi yangu ya kwanza katika chombo cha mjomba ilikuwa kuchota maji kwa kopo na kuyatupa ziwani. Usiku mmoja tulipokuwa tukivua sambaza, maji yaliingia kwa kasi kuliko mkono wangu. Tulirudi mikono mitupu. Kulipokucha mjomba alinionyesha chanzo: tundu la msumari ulioliwa na kutu, dogo kuliko kidole changu cha mwisho. Alilijaza kitambaa cha pamba kilichopakwa lami. Nilimwuliza kazi ile inaitwaje kwa Kiswahili. Hakujua, na mimi sikujua mpaka nilipofika chuoni hapa Kigali.

Inaitwa kalafati. Fundi huchovya pamba katika mafuta, akaishindilia kwa patasi na nyundo kwenye nyufa za mbao na matundu ya misumari. Kisha sehemu ya chombo inayokaa majini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake haisahauliki. Neno lenyewe limezunguka bahari nyingi. Waarabu wanalo, Wareno husema calafate, na huko Bizanti mfalme Mikaeli wa Tano, aliyetawala mwaka 1041 hadi 1042, alibandikwa jina la Kalaphates kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wakubwa wa mji walikusudia kumtukana.

Lakini matundu ya pwani yetu ni ya kale kuliko misumari. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja bandari ya Rhapta, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa kamba za kumbi. Hebu tufikiri maana yake. Kila mshono ulihitaji matundu, na kila tundu lilikuwa mlango wa maji. Fundi wa mtepe alitoboa chombo chake mwenyewe mara mamia, ndipo akaziba tundu moja moja kwa nyuzi za nazi na vijiti vya mti. Aliyesahau moja alihatarisha watu wote waliopanda.

Marco Polo alipoviona vyombo vilivyoshonwa kule Hormuz, alivisema vibovu na vya hatari. Wengine baada yake wakadhani watu walishona kwa kukosa chuma. Kwa upande wa pwani yetu sikubaliani nao. Al-Idrisi, katika karne ya 12, aliandika kwamba Malindi na Sofala zilikuwa na chuma, tena kikauzwa hadi India. Naona walioshona walikuwa na sababu: chombo cha kamba hunyumbulika kikigusa mwamba au kikivutwa mchangani, ilhali msumari hushika kutu na kuacha tundu lisilotarajiwa na mtu. Tundu la mshono fundi analijua tangu siku ya kwanza.

Vitabu tulivyosoma sekondari vilitueleza habari ndefu za pepo za kaskazi na kusi, pembe za ndovu na masultani. Kuhusu aliyeshindilia pamba, hata sentensi moja hakuna. Mimi niliyeshika kopo usiku ule siwezi kuridhika na historia hiyo, kwa sababu upepo ulikuwa mzuri na bado tulikaribia kuzama.

Likizo iliyopita nilimpelekea mjomba neno lake. Alilirudia mara mbili, akacheka kwamba linafanana na jina la mtu. Kisha akanituma nikalete pamba, maana mbao za upande wa kushoto zilikuwa zimekauka juani na kuachana tena.